Bibi Aliyewekwa Rehani kwa Pishi 12



Lugha yetu imewapa majina wote wanaotufuata. Mwana akizaa, twasema mjukuu. Mjukuu akizaa, twasema kitukuu. Kitukuu akizaa, kilembwe. Na nyuma yake hutajwa kilembwekeza. Lakini tugeuze nyuso zetu tuwatazame waliotutangulia. Tukiisha kumtaja babu na bibi, ulimi huanza kusitasita. Twasema "mama yake babu", au "bibi mzaa bibi", kisha twanyamaza. Tena katika kunyamaza huko wanawake ndio hutangulia kusahauliwa. Mwombe mzee wa Ugogo akuhesabie baba zake, atakutajia watano au sita, akikunja vidole pasipo kukwama. Kisha mwulize, "Na mama zao walikuwa akina nani, nao walitoka wapi?" Huenda akakujibu, "Walikuwa wake wa hao niliokutajia."

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mmoja wao, mama aliyemzaa babu yangu. Jina lake sitalichapa hapa, wala jina la ukoo wake, wala la nyumba iliyompokea, kwa kuwa watu wa pande zote mbili wangali hai. Nitamwita Bibi Mkuu. Wala msidhani kwamba nasimulia habari zake kwa sababu alikuwa mtu mashuhuri. Alikuwa mkulima, mke wa mkulima. Nasimulia kwa sababu nyumba yetu ilimficha kwa miaka mingi, na kufichwa kwake kulikuwa karibu kutuletea hasara.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Ugogo iko katikati ya Tanzania, na sehemu yake kubwa leo ni ya mkoa wa Dodoma. Majira ya mvua ni mamoja tu kwa mwaka: huanza karibu na Desemba, hukoma karibu na Aprili, na tangu Mei hata Novemba mbingu huwa kavu. Katika mwaka mwema mvua hufika kadiri ya milimita 500 au 600. Wazee waliijua nchi yao, wakapanda nafaka zenye kuvumilia, uwele na mtama. Wakajenga matembe, nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa tambarare, na ng'ombe wakilala uani. Ng'ombe hao ndio waliokuwa akiba yao. Mvua ikikosa, mtu alimtoa ng'ombe akapata nafaka kwa jirani aliyejaliwa kuvuna. Kwa hiyo mwaka mmoja wa ukame uliwatesa watu, lakini haukuwamaliza. Maangamizi yalikuja pale ukame ulipokuta akiba imekwisha kuondolewa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika utoto wa Bibi Mkuu. Twakadiri kwamba alizaliwa mwaka 1909, kwa maana mama yake alimwambia kuwa alikuwa akibebwa mgongoni siku zile reli ilipofika Dodoma, nayo ilifika mwaka 1910. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Ugogo ilikuwa njiani mwa majeshi, kwa ajili ya reli hiyo. Wadachi, yaani Wajerumani, walichukua ng'ombe na nafaka kwa chakula cha askari. Mwezi wa Julai mwaka 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao pia wakachukua ng'ombe na nafaka, tena wakachukua wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Katika vita ile wapagazi wengi sana walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi, kwa njaa na kwa kuchoka. Baba yake Bibi Mkuu alikwenda na mizigo, wala hakurudi, wala haikuletwa habari ya mahali alipolala.

Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata iliishika nchi tangu mwaka 1917 hata 1920, na ukali wake ulizidi mwaka 1919. Wagogo waliiita Mtunya, maana yake ni kama kusema kugombania, kila mtu akivuta lake. Tena mwishoni mwa mwaka 1918 yale mafua makuu yaliyoenea duniani yakawapitia watu waliokwisha kudhoofika. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu kama 150,000, walikufa watu 30,000, ndio kusema mmoja katika kila watano.

Mama yake Bibi Mkuu alibaki na watoto watatu: mvulana mkubwa, Bibi Mkuu mwenyewe aliyekuwa na miaka kumi hivi, na mtoto mdogo aliyekuwa ameacha ziwa karibuni. Walikula ubuyu, wakachimba mizizi porini, mwisho wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Ndipo mama akafunga safari, akaelekea mashariki kwenye vilima vya upande wa Mpwapwa. Huko alisikia kuna nyumba yenye mashamba bondeni, penye unyevu, ambayo ilikuwa imebakiwa na uwele ghalani.

Nyumba hiyo ndiyo nyumba yetu.

Maneno waliyopatana yamehifadhiwa, nami nayaandika kama nilivyoyapokea. Mama atapewa pishi 12 za uwele. Binti atakaa, atakula na kufanya kazi katika nyumba ile. Mvua ikinyesha na nafaka ikipatikana, mama ataleta pishi 12 amchukue mtoto wake.

Vijana wa leo wanaopima kwa kilo hawaijui pishi, basi nitawahesabia. Pishi moja ni vibaba 4, na kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku moja. Pishi 12 ni vibaba 48. Mama, mvulana na yule mdogo ni vinywa vitatu. Kama kila mmoja alikula kibaba kizima, uwele ule uliwatosha siku 16. Bila shaka walikula nusu, au robo, wakazivuta siku zikawa nyingi zaidi. Lakini kila nifanyapo hesabu hii, moyo wangu husimama penye siku 16.

Jambo kama hili halikuwa la nyumba yetu peke yake. Katika njaa ile watu wengi wa Ugogo waliwaweka watoto wao rehani, hasa mabinti, kwa wale waliokuwa na chakula. Wala haifai tuseme kwamba waliwauza. Aliyeuza hana neno tena juu ya kitu chake, lakini aliyeweka rehani ana haki ya kukomboa. Ila haki hiyo ilitaka mambo matatu: mama awe hai, nafaka ipatikane, na watu waonane tena. Katika nchi iliyotawanyika kwa njaa, ni nani aliyeweza kuyapata yote matatu?

Bibi Mkuu alingoja. Mvua zikarudi, watu wakavuna, wala hakuja mtu. Mwaka 1922 serikali ya Tanganyika ilitoa sheria ya kukomesha utumwa, lakini sheria ile haikumgusa, kwa kuwa hakuna aliyemwita mtumwa. Aliitwa binti wa nyumba. Alitwanga, alichota maji, alichunga ndama, alilinda ndege shambani, sawasawa na mabinti wengine. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo haikuonekana mpaka siku ya kuolewa.

Karibu na mwaka 1926 aliolewa na mwana wa nyumba ile ile. Ninyi mwajua desturi. Mahari ya ng'ombe na mbuzi hupelekwa kwa watu wa binti, na kwa mahari hiyo nyumba mbili hufungamana. Ndugu za binti huwa wajomba wa watoto wake. Watoto wakiugua, wajomba huitwa. Wakioa au kuolewa, wajomba huketi pamoja na wazee, nao hupewa fungu lao. Kwa Bibi Mkuu hakutoka hata mbuzi mmoja. Wazee walisema, "Huyu amekwisha kulipiwa." Basi watoto wake wakawa na baba, wakawa na babu, lakini hawakuwa na mjomba.

Binti yake, yaani umbu lake babu yangu, aliolewa mwaka 1952. Yeye ndiye aliyetueleza siku ile ilivyokuwa. Mahari yakaletwa, yakagawanywa uani mbele ya watu, fungu la mjomba likatengwa pembeni: ng'ombe mmoja na mbuzi. Kukawa kimya. Watu wakatazamana. Kisha baba yake akasema wanyama wale warudishwe zizini mwake, wakarudishwa. "Mama alikuwa mekoni akisonga ugali," alisema. "Aliona yote kwa mlango. Hakuacha mwiko, akaendelea kusonga. Lakini jioni ile hakula."

Katika ugomvi wa watoto, wenzao walipotaka kuwachoma waliwaita "watoto wa pishi". Ndiyo sababu babu yangu hakutaka habari hii itajwe mbele yake. Hata katika kitabu cha ubatizo, mahali palipopaswa kuandikwa jina la baba na la mama wa Bibi Mkuu, palipigwa mstari mtupu. Aliyeandika aliuliza, na aliyeulizwa alinyamaza.

Hata hivyo Bibi Mkuu hakuwa mtu wa kuketi na huzuni. Wote waliomjua hutaja kwanza mbegu zake. Kila mavuno alichagua mwenyewe masuke ya uwele yaliyo mazuri, akayafunga, akayaning'iniza juu ya meko ili moshi uyalinde na wadudu. Hakuruhusu yaguswe, hata kama ghala ilikuwa tupu. Alikausha mlenda, akausaga, akauweka katika vibuyu kwa miezi ya kiangazi. Aliwafundisha mabinti zake mizizi ipi huliwa na ipi ni sumu, akawaonyesha kwa kuchimba porini, mwaka wa shibe, ili wasije wakajifunza mwaka wa njaa.

Njaa ilirudi mwaka 1943. Mwanamke mmoja alikuja mlangoni, amebeba mtoto na kumshika mwingine mkono, msichana wa miaka minane au tisa. Akasema maneno yale yale aliyoyasema mama mwingine zamani: mtoto akae, nami nipewe nafaka. Bwana wa nyumba alikuwa shambani. Bibi Mkuu akaingia ndani, akatoka na kapu la uwele, akamtwika yule mama kichwani, akamwambia, "Chukua uwele, na mtoto wako mchukue." Mumewe aliporudi palikuwa na maneno. Akamjibu, "Mimi najua bei yake, wewe huijui." Jibu hili lilisikiwa na watoto waliokuwa wakicheza uani, wakalishika bila kulielewa.

Mwaka 1971, katika ile kazi ya kuwakusanya watu vijijini iliyoitwa Operesheni Dodoma, watu waliacha matembe yao na kuhamia vijiji vipya. Mawe ya kusagia yalikuwa mazito, mengi yaliachwa, na makaburi yaliachwa pia. Naomba tulikumbuke jambo hili sisi tunaotafuta habari za mababu. Mahali palikuwa kitabu cha watu wasioandika. Mzee alipopita penye mbuyu fulani alikumbuka aliyezikwa chini yake, akamwambia mjukuu. Mjukuu asiyepita hapo haambiwi. Bibi Mkuu alifariki mwaka 1974 katika kijiji kipya, akazikwa huko.

Sasa nitawaeleza ile hasara niliyoitaja mwanzo. Miaka michache iliyopita kijana wa nyumba yetu alitaka kumwoa binti wa upande wa magharibi. Wazee wa binti walikuwa wamesikia minong'ono kwamba katika nyumba yetu alikuwamo mama wa kwao, aliyeletwa wakati wa Mtunya. Wakauliza, wala hawakuuliza kwa dharau: "Mama huyo alikuwa wa ukoo gani? Tusije tukawafunga ndoa watu wa damu moja." Baba zetu hawakuwa na jibu. Mmoja akasema hivi, mwingine akasema vile, na kila jibu lilizidisha shaka. Posa ikasimama miezi saba. Binti alilia, kijana akaanza kusema ataondoka aende mjini asirudi.

Ndipo tulipomwendea yule bibi, umbu lake babu, ambaye alikuwa amepita miaka 85. Alituuliza kwa nini wanaume walikuwa wakiulizana wenyewe kwa wenyewe jambo wasilolijua. Kisha akatutolea mambo matatu.

La kwanza, mama yake hakula nyama ya kanga maisha yake yote. Watoto waliambiwa kwamba tumbo lake halimpendi ndege yule. Lakini mke hushika mwiko wa ukoo wake hata akiwa nyumbani mwa mumewe, na kumbe mwiko ule ulikuwa alama ya ukoo.

La pili, mahali. Alipokuwa mgonjwa alitaja mibuyu miwili iliyoshikana mashina, na chini yake mto wa mchanga ambamo watu hufukua maji wakati wa kiangazi.

La tatu, jina. Jina lililojulikana nyumbani kwetu alipewa na watu wa kwetu. Lakini alipokuwa peke yake akisaga nafaka alijiita kwa jina jingine, la utoto, kana kwamba anaitwa na mtu aliye mbali. Binti yake alilisikia mara nyingi akiwa nyuma ya mlango.

Kwa mambo hayo matatu nilimwandikia mwalimu mwenzangu wa upande ule, naye akawauliza wazee baada ya ibada. Hakupita mwezi akajibu. Mibuyu miwili iko. Ukoo wenye mwiko wa kanga uko. Tena mzee mmoja, mjukuu wa yule kaka mkubwa wa Bibi Mkuu, aliposikia jina la utoto aliondoka kitini, akamwita kitukuu wake aliyekuwa akicheza nje. Msichana yule aliitwa jina lilo hilo. Katika nyumba yao, kila kizazi tangu Mtunya, binti mmoja amepewa jina la yule aliyeachwa kwenye vilima, ili lisipotee. Huyo alikuwa wa nne.

Kisha mzee akaeleza neno ambalo sisi hatukulijua, wala Bibi Mkuu hakulijua mpaka kufa kwake. Mama yake alirudi. Baada ya mavuno ya mwaka 1920 alikwenda na kapu la uwele kichwani na mvulana wake nyuma yake. Alipofika alikuta tembe limebomoka na miti yake imekwisha kuchukuliwa. Nyumba yetu ilikuwa imehama, kama watu wa Ugogo walivyozoea kuhama wakitafuta malisho na udongo mpya. Akauliza, akaambiwa wamekwenda vilimani. Akaenda vilimani, akaambiwa wameshuka. Akarudi. Mwaka uliofuata akaenda tena, pasipo kuwaona. Mwaka wa tatu aliugua, akafa, akamwachia mwanawe neno kwamba dada yake yu hai na jina lake lisiachwe.

Wasomaji wapenzi, kwa miaka zaidi ya 50 Bibi Mkuu aliishi akidhani hakuja mtu.

Wazee wetu waliposikia hayo walisema mengi. Mmoja alisema, "Sisi tulimwokoa, asingalikaa kwetu angalikufa." Na hilo ni kweli, nami siwezi kulikana; mimi nisingalikuwapo. Mwingine akasema kwamba nyumba yetu ilipata mfanyakazi, kisha ikapata mke pasipo kutoa hata mbuzi, tena ilihama bila kuacha neno kwa majirani, ikijua kuna mama aliyeahidi kurudi. Na hilo pia ni kweli. Nadhani ugumu wote ulikuwa hapa. Tulisema tunaificha habari hii ili kumstahi Bibi Mkuu, lakini yeye hakuwa na aibu yoyote. Mtoto wa miaka kumi ana kosa gani akiwekwa rehani? Tuliyekuwa tukimstahi ni babu zetu.

Basi mambo yakaenda hivi. Ukoo wa Bibi Mkuu ulionekana kuwa mbali na ukoo wa yule binti aliyeposwa, na ndoa ikafungwa. Kabla ya arusi wazee wetu walipeleka magharibi mtamba mmoja na mbuzi wawili, fungu lile lililorudishwa zizini mwaka 1952. Yule mzee akawapokea wanyama, akaomba jambo moja tu, aonyeshwe kaburi. Walikuja watu saba, na msichana mwenye jina akiwa kati yao. Umbu lake babu alimshika mkono, wakaketi wawili wale kando ya kaburi mpaka jua lilipokuwa kali. Siku ya arusi, kwa mara ya kwanza katika nyumba yetu, watu wa mjomba waliitwa nao wakaitika.

Yako mambo ambayo nyumba za Kikristo na walimu waweza kuyafanya, nami nayaandika kwa ufupi.

Wapo waandishi waliotufanyia kazi njema. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, mwanzoni mwa njaa ile ile, alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Lakini kitabu cha kabila zima hakiwezi kumtaja kila mama aliyesaga uwele. Hao ni wajibu wa nyumba zao wenyewe.

Waulizeni wanawake wazee, tena msiwaulize kama mnaofanya baraza la kesi. Kaeni nao wakichambua mboga au wakipepeta nafaka. Msianze kwa kuuliza, "Ulizaliwa mwaka gani?" Ulizeni, "Mama yako alikataa kula nini? Alipougua alimwita nani? Alimpa nani jina la nani? Fungu la mjomba lilipokewa na nani siku ulipoolewa?" Maswali haya yana majibu hata pale majina yamesahauliwa.

Miaka hupatikana kwa kuunga habari na mambo yajulikanayo. Kwa watu wa Ugogo yako haya: reli kufika Dodoma 1910, Waingereza kuingia Dodoma 1916, Mtunya, uliozidi ukali 1919, njaa ya 1943, karanga za Kongwa tangu 1947 hata 1951, uhuru 1961, Operesheni Dodoma 1971. Mwulize bibi kama mama yake alikuwa mtoto, au mwali, au amekwisha kuzaa, wakati wa mojawapo ya mambo hayo. Hutakosea kwa miaka mingi.

Walimu mlio na vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa, vitunzeni na mchwa. Mahali palipopigwa mstari msipaone kuwa patupu. Mstari ule wasema kwamba aliulizwa mtu na akanyamaza, na huenda mjukuu wake yuko tayari kujibu.

Mwisho, kila nyumba iwe na daftari, na kila mama apewe ukurasa wake: jina lake la utoto, ukoo wake, mahali alipozaliwa, aliyempokea mahari yake, mahali alipozikwa. Likiwamo jambo la uchungu, liandikwe kwa maneno machache yaliyo wazi, pasipo kulitia chumvi na pasipo kulifunika. Daftari hiyo isisomwe wakati wa ugomvi. Isomwe watoto wakiisha kupata akili, mmoja wa wazee akiwa karibu ili aulizwe.

Katika daftari yetu ukurasa wa Bibi Mkuu una mistari kumi na minne. Chini yake umbu lake babu alitaka yaongezwe maneno ambayo mama yake hakuyasikia, nami nikayaandika kama alivyonitajia: "Mama yako alikuja mara mbili."

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya namna ya kuhifadhi mbegu za mtama na uwele nyumbani, kwa maana wengi wameniuliza. Kaeni salama.